Sindano Kabla ya Adhana

Nyumba ya Salem fundi saa, pale Kiponda, ilikuwa na saa kumi na saba ukutani na hakuna hata moja iliyokuwa ikienda. Usidhani fundi alikuwa mbovu. Salem alikuwa fundi wa kweli, watu wakimletea saa mpaka kutoka Pemba, na kibanda chake cha Darajani hakikukosa mtu. Saa za nyumbani zilisimama kwa sababu binti yake, Yusra, hakuweza kuuvumilia mlio wao. Alipokuwa na miaka mitano alipanda juu ya kiti, akazitoa betri moja baada ya moja, na zile za ufunguo akazishika mpaka zikanyamaza. Baba mtu aliporudi akazirudisha zote. Kesho yake zikasimama tena. Mara ya nne Salem akaona isiwe tabu, akaziacha, na tangu hapo fundi saa akawa anamuuliza mkewe ni saa ngapi.

Mke mwenyewe ni Kulthum, na kisa hiki ni chake kuliko cha mtu mwengine. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi, na hakuwa na mtoto mwengine ila huyo Yusra. Mwaka 1994 Yusra alikuwa na miaka minane. Maneno alikuwa nayo, ila akiyatumia kwa uchoyo. Hakumtazama mtu usoni. Alikula vyeupe tu: wali, mkate, maziwa, nyama ya dafu. Ukikihamisha kiatu chake kutoka mahali pake, siku hiyo umejitafutia kilio cha saa nzima. Mtaani kila mtu alikuwa na lake. Huyu akisema kapagawa, yule akisema bubu, na bibi mmoja wa nyumba ya pili hakuchoka kutaja waganga. Kulthum akiulizwa hujibu, "Hana kitu. Ana njia zake." Ukizidi kumdadisi hukutupia jicho moja ukakumbuka ghafla kwamba umeacha chungu motoni.

Basi juu ya njia zake hizo, mwaka huo Yusra akapata na kisukari. Alianza na kiu. Mtungi wa maji ukijazwa asubuhi, adhuhuri haukuwa na tone. Akakonda, akawa analoa kitandani, mwisho akalala usingizi usioamshika, wakamkimbiza hospitali akakaa siku tisa. Wakarudi nyumbani na mtoto wao hai, vichupa vya insulini, sindano, na karatasi yenye maandishi madogo. Vichupa wakavitia ndani ya chungu cha udongo kilichofukiwa kwenye mchanga wa kuloweshwa, kwa sababu friji ilikuwa ya jirani na umeme ulikuwa wa kubahatisha. Sindano ilikuwa mara mbili kwa siku, nusu saa kabla ya chakula. Akila bila ya sindano, sukari inapanda. Akipigwa sindano asile, au akichoka kwa mchezo, sukari inashuka, na ikishuka sana mtoto anazimika.

Kulthum alilala na neno hilo la kuzimika na akaamka nalo.

Hata hivyo aliendelea kuitaka skuli. Alikuwa akiitaka tangu mtoto ana miaka sita, na hakuona kwa nini kisukari kimkatize. Akamwendea Mwalimu Mkadam, mkuu wa skuli ya karibu, mtu mrefu mpole aliyekuwa akisali katika msikiti ulioko ubavuni mwa nyumba yao. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Bi Kulthum, mie sikatai mtoto kwa sababu hasemi. Nnao wanaosema kutwa, na hawanisaidii kitu. Nnachoogopa ni hiyo sukari. Wewe unamjua kwa jicho. Mwalimu wa darasa la kwanza ana watoto hamsini na tano. Huyu akianza kushuka, nani atajua?"

"Ntamfundisha ajulishe."

"Mfundishe. Si lazima kwa mdomo. Siku atakayomjulisha mtu asiyekuwa wewe wala babake kwamba anashuka, mara moja tu, niletee. Skuli zinafunguliwa Januari."

Ilikuwa mwezi wa Julai. Kulthum akatoka pale amefurahi, maana hakukataliwa, na amenywea, maana hakujua aanzie wapi.

Darasa la kisukari lilikuwapo hospitali, kila Alhamisi asubuhi. Mwalimu wake alikuwa Nesi Duni, mwanamke mnene mwenye moyo safi na sauti ya kusikika bandarini. Alitundika picha za vyakula, akashika fimbo, akasema saa nzima bila ya kumeza mate. Akina mama waliitikia, wazee walisinzia. Yusra aliingia chini ya benchi akaziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Mwanao hasikilizi," alisema Nesi Duni.

"Anasikia," alijibu Kulthum. "Ndiyo maana kaziba."

Alhamisi tatu zilikwenda hivyo. Ya nne Kulthum hakwenda. Alijiambia kwamba la mwanawe atalifunza mwenyewe, na hapo ndipo lilipompata wazo lililomfanya ajione hodari kuliko hospitali nzima.

Yusra, aliyechukia tiktiki za saa, milio ya honi na kelele za watoto, alikuwa na sauti mbili duniani alizozipenda. Moja ni pembe ya baiskeli ya muuza mkate, asubuhi. Ya pili ni Mzee Ubwa. Mzee Ubwa alikuwa muadhini wa msikiti ule wa ubavuni, na sauti yake, tuseme kweli, haikuwa nzuri. Ilikuwa nzito, yenye kukwaruza, na kabla ya kuanza alikuwa lazima akohoe mara mbili mbele ya kipaza sauti, kohoo, kohoo, mtaa mzima ukasikia. Kwa ajili ya koo hilo alitembea na peremende nyeupe mfukoni mwaka hadi mwaka. Kulthum akiwa jikoni alizoea kumuigiza, kikohozi na mkwaruzo na yote, Salem akacheka huku akimwambia aogope Mungu. Lakini Yusra akisikia kile kikohozi huacha kila alichokuwa akifanya, akakaa, akatulia mpaka neno la mwisho.

Basi Kulthum akafunga kazi zake kwenye sauti hizo. Asubuhi: sindano, pembe ya mkate, kula. Jioni: sindano, adhana ya Magharibi, kula. Siku ya kwanza mtoto alipiga kelele, ya pili akanuna, ya nne akaleta paja mwenyewe. Sindano ikaingia, akakaa kusubiri, Mzee Ubwa akakohoa, akaadhini, na neno la mwisho lilipokatika Yusra akanyoosha mkono kwenye sahani. Nusu saa kamili. Kulthum alilia kwa furaha juu ya wali. Kuanzia siku hiyo akawa anatembea kichwa juu, na alipokutana na Nesi Duni sokoni alimsalimia kwa huruma kidogo, kama mtu anayemsalimia mwanafunzi wake.

Hakujua alichokifanya. Alikijua Chwaka.

Mwezi wa Septemba rafiki yake Sichana alimuoza binti yake. Walisoma pamoja, kisha Sichana akaolewa Chwaka, akawa msukaji wa mikeka, mwenye mikono isiyokaa bure hata akiwa anasema na wewe. Salem akaazima gari ya rafiki yake, wakenda asubuhi watatu, vichupa vya insulini vimo ndani ya chupa ya chai iliyotiwa maji baridi. Nia yao ilikuwa warudi alasiri. Lakini gari ilipata pancha mbili na ilikuwa na spea moja, na hiyo moja ilikuwa haina upepo. Sichana akafurahi kupita kiasi, akasema Mungu amemuongezea wageni, wakalala hapo hapo.

Jioni ilipokaribia Kulthum hakuwa na wasiwasi. Alimpiga mwanawe sindano wakati wake, kwa saa ya mkononi ya Salem, akampakulia wali mweupe, akakaa naye barazani kwa wanawake. Yusra akakunja miguu, akasubiri.

Nyumba ya Sichana ilikuwa mwisho wa kijiji, ufukweni. Msikiti ulikuwa upande wa pili. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, kwa hiyo kipaza sauti hakikulia, na upepo ulikuwa ukitoka baharini. Wenyeji hawakuhitaji kusikia kitu, walilitazama jua. Wanaume wakaondoka kimya kimya kwenda kusali. Kulthum alikuwa akizungumza na bibi harusi. Alipogeuka aliwaona wanaume wanarudi, Salem akiwa katikati yao.

"Mshasali?" aliuliza.

"Zamani."

Akautazama wali. Haujaguswa.

"Kula, mwanangu. Washaadhini."

"Bado," alisema Yusra.

"Washaadhini, Yusra. Hatukusikia tu."

"Bado Mzee Ubwa."

Kulthum akachukua tonge akampelekea mdomoni. Mdomo ukafungwa. Akakoroga sukari kwenye maji, akampa, mtoto akayatema. Yusra alikuwa akisugua mdomo wake wa juu begani, akisugua na kusugua, na Kulthum akadhani ni kununa tu. Kisha akaona jasho. Lilikuwa limetoka juu ya mdomo, dogo dogo, na jioni hiyo ilikuwa ya upepo, hakuna aliyekuwa na joto. Dawa imo mwilini, chakula hakimo, na mlango wa kukiingiza ameufunga yeye mwenyewe na ufunguo ameuacha Kiponda.

"Salem!" aliita. "Salem, muadhinie!"

Salem akaja mbio. Alipoelewa hakuuliza mara mbili. Akachuchumaa mbele ya mwanawe, akaweka mikono masikioni, akaadhini, na Salem alikuwa na sauti tamu, sauti ya kusomea Maulidi. Alipofika katikati Yusra akatikisa kichwa.

"Siyo."

"Hii hii, mwanangu. Maneno ni haya haya."

"Siyo."

Macho ya mtoto yalikuwa yameanza kuregea. Wanawake walikuwa wamesimama kuwazunguka, mmoja akishauri apepewe, mwengine akishauri ashikwe aminywe pua. Kulthum hakuwasikia. Aliyasikia maneno ya mwanawe, siyo, na akaelewa siyo kwa nini. Akamsogeza Salem kwa mkono. Akapiga magoti, akauweka mdomo wake kwenye sikio la Yusra, lile la kulia, alilotiliwa adhana na baba yake siku aliyozaliwa.

Akakohoa. Kohoo, kohoo.

Yusra akatulia.

Kulthum akaanza, kwa sauti nzito yenye kukwaruza, sauti aliyoizoea jikoni kwa mzaha na sasa hakuna mzaha ndani yake hata kidogo. Aliivuta pale Mzee Ubwa anapoivuta, akaikata pale pumzi ya Mzee Ubwa inapokatika. Bibi mmoja nyuma yake akasema, "Astaghfirullah, mwanamke anaadhini!" Sichana akamgeukia akamwambia anyamaze au aende kwao. Kulthum akaendelea neno kwa neno mpaka la mwisho, machozi yakimshuka mpaka kidevuni.

Yusra akanyoosha mkono. Haukuwa na nguvu ya kufika kwenye sahani. Kulthum akamtilia mkononi kikombe cha maji ya sukari, akakishikilia naye, na mtoto akanywa. Akanywa kikombe kizima, na cha pili, kisha akala wali wake tonge baada ya tonge bila ya haraka, kama kwamba hapakuwa na lolote.

Baadaye, watu walipotawanyika, Kulthum alikaa ukutani na Sichana. "Mie ndiye niliyemfanya hivi," alimwambia. "Nimemfundisha kwamba bila ya kikohozi cha mtu wa Kiponda hakuna kula. Mzee Ubwa akiumwa je? Akifa?"

Sichana alikuwa akimtazama Yusra, ambaye rangi ilikuwa imemrudi, na ambaye alikuwa amelikuta furushi la ukindu uliotiwa rangi, ule wa kusukia mikeka. Alikuwa akizichambua chane moja moja: zambarau huku, kijani huku, nyekundu huku, nyeupe kule. Hakukosea hata moja, na kijani mbili zilizokuwa zimefifia alizitenga peke yake.

"Mwanao huyu," alisema Sichana, "jicho lake ni la fundi. Mbona mnamfundisha kwa sikio?"

Alhamisi iliyofuata Kulthum alikwenda hospitali kichwa chini. Akasubiri darasa limalizike, akamweleza Nesi Duni kila kitu, kuanzia pembe ya mkate mpaka adhana ya Chwaka. Nesi Duni alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka, akafuta macho, akakaa.

"Bi Kulthum, wewe umekosea mara moja. Mie nnakosea kila Alhamisi. Nnasema, nnasema, na nnao hapa watoto watatu wanne ambao maneno yanawapita. Yumo Sami, yule asiyekaa kitako. Nikimaliza nnaandika kwenye daftari kwamba nshawafundisha." Akavuta kiti karibu. "Hebu nambie. Kabla ya jasho kutoka, mtoto alifanya nini?"

"Hakufanya kitu. Alinuna."

"Fikiri."

Kulthum akafikiri. Akaliona bega. Akauona mdomo wa juu ukisuguliwa begani, kulia kushoto. Na akakumbuka kwamba si Chwaka tu. Alimuona hivyo mara mbili nyumbani, akamgombeza kwa kuichafua nguo.

"Basi hilo ndilo neno lake," alisema Nesi Duni. "Kila mwili una lake. Wengine hutetemeka, wengine hugombana na watu. Sasa tumtafutie namna ya kulitoa nje."

Walikaa wanawake watatu, Kulthum, Nesi Duni na Sichana aliyekuja mjini na furushi lake, na kilichotoka hapo kilikuwa ukili mmoja, ukanda mrefu wa ukindu uliosukwa, wa kutundika ukutani. Ulianza kwa zambarau, hiyo ni sindano. Ukaja kijani, hiyo ni kusubiri. Ukamalizia kwa nyeupe, hicho ni chakula. Juu yake kibanio cha nguo, kinachosogezwa kutoka rangi mpaka rangi. Na mbali na huo, bangili ya ukili mwekundu ya kuvaa mkononi, nyepesi kuvulika. Nyekundu ilikuwa na maana moja tu: nashuka, nipe kitamu.

Wiki mbili Yusra aliutazama ukili bila ya kuugusa. Wiki ya tatu akakisogeza kibanio mwenyewe, na alipomaliza kula akakirudisha mwanzo. Jioni moja umeme ulikatika mtaani, Mzee Ubwa hakusikika vizuri, na Yusra akala kwa wakati wake. Kulthum akasujudu palepale jikoni, chini ya moshi wa jiko la makaa.

Bangili ilikuwa kazi ngumu zaidi. Kila Yusra alipousugua mdomo begani, Kulthum alinyoosha kiganja, akaivua ile nyekundu, akaitia katika mkono wa mtoto, akaurudisha mkono ule kwenye kiganja chake, kisha maji ya sukari. Bila ya neno. Mara ishirini, mara thelathini. Novemba ikaingia ndipo Yusra alipoivua mwenyewe akampa mama yake. Baada ya siku chache akampa Salem kibandani, Salem akaiacha saa ya mteja imefunguliwa tumbo akakimbilia chai. Hapo wakakwama. Hakumpa mtu mwengine. Nesi Duni alinyoosha kiganja chake Alhamisi baada ya Alhamisi, na Yusra akaficha mikono nyuma.

"Mkono wangu haujamtosha," alisema Nesi Duni, lakini ukili alishautundika darasani kwake, na Sami asiyekaa kitako alikuwa akikisogeza kibanio kuliko wote.

Mzee Ubwa naye alikuwa amesimuliwa habari ya Chwaka, na ya bangili nyekundu. Alicheka mpaka kikohozi kikamkaba, kisha akatazama pembeni. "Kumbe mie nshaadhini Chwaka na sijafika," alisema. Tangu siku hiyo, akipita kwenda kuadhini, humsalimia Yusra mlangoni kwa jina lake. Yusra hakumjibu. Lakini alizoea kumfuata mpaka kwenye mlango wa pembeni wa msikiti, akasimama hapo kukisikiliza kikohozi kwa karibu. Mzee Ubwa hakumfukuza. Mwalimu Mkadam, aliyekuwa akitia udhu hapo, alimuona siku nyingi. Desemba ikafika katikati, na Kulthum akaacha kuitaja skuli, kwa kuwa kila akiitaja alijiona anamdai mtoto kitu ambacho wakati wake haujafika.

Ilikuwa Jumatatu. Mchana wote Yusra alikuwa akipanda na kushuka ngazi, akizihesabu, kwenda na kurudi, na Kulthum alimwacha kwa sababu alikuwa na furaha. Jioni akampiga sindano, kibanio kikasogea kwenye kijani, akaingia jikoni kuepua wali. Alipotoka ukumbi ulikuwa mtupu. Mlango wa chini ulikuwa wazi.

"Yusra?"

Akatupa mwiko. Alikuwa katikati ya ngazi, kanga moja begani, pale kipaza sauti cha msikiti kilipokwaruza, na Mzee Ubwa akakohoa. Kohoo, kohoo.

Halafu kimya.

Kulthum akasimama. Kiponda nzima ikasimama, maana katika miaka yote kikohozi kile hakikuwahi kukosa kufuatiwa na takbira. Kikasikika kitu kikijikokota karibu na kipaza sauti. Kisha sauti nzito ya Mzee Ubwa, si ya adhana, ya mazungumzo, ikatoka juu ya mapaa.

"Naam? Nani? Yusra?"

Kimya.

"Nini hii, mwanangu? Unanipa mie? ... Aa. Aa! Nyekundu. Hii ni ile nyekundu!" Ikasikika mifuko ikipekuliwa, na karatasi ikifunuliwa. "Shika. Bismillahi. Tafuna, usimung'unye. Na hii. Na hii ya tatu, shika."

Kikafuata kishindo cha mtoto akitafuna peremende, kru, kru, kru, kikaenda mpaka Malindi. Kulthum alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili. Alitaka kukimbia na hakuweza kusogea, akisikiliza kila jino.

"Ushapata nafuu?" kilisema kipaza sauti. "Niadhini sasa?"

"Bado," ikajibu sauti nyembamba ambayo nusu ya mtaa haikuwahi kuisikia.

"Haya. Bado."

Na mtu aliyeadhini miaka ishirini na nane akasubiri, jua limeshazama, waumini wameshapanga viatu, mtaa mzima umeshika pumzi. Kru, kru. Kisha kimya kidogo.

"Sasa," alisema Yusra.

Mzee Ubwa akakohoa upya, mara mbili, akaadhini. Adhana iliadhiniwa vibaya kuliko siku zote, kwa sababu sauti ilikuwa ikimkatika, na safari hii haikuwa koo.

Kulthum alipofika chini alimkuta Mwalimu Mkadam kwenye mlango wa pembeni, miguu bado inachuruzika maji ya udhu, suruali imekunjwa. Nyuma yake Yusra alikuwa amekaa kwenye kizingiti, shavu moja limevimba kwa peremende, akiitikia adhana kwa midomo tu. Jasho lilikuwa limeanza kukauka juu ya mdomo.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Kulthum.

"Marahaba. Tarehe tisa Januari, saa moja na nusu," alisema Mwalimu Mkadam. "Na hiyo bangili asiisahau. Mtengenezee na ya akiba." Akaingia kusali haraka haraka, maana alikuwa ameanza kujifuta macho.

Salem alikuja mbio kutoka upande wa Darajani, kofia mkononi. Alikuwa ameisikia adhana imechelewa dakika nne na sekunde kumi, kwa saa zote kumi za kibandani kwake, na akajua kuna jambo. Kulthum akamwambia. Salem akakaa kizingitini karibu na binti yake, fundi saa mzima, akalia mbele za watu wapitao.

Yusra hakumtazama. Alimaliza peremende, akainuka, akapanda nyumbani akihesabu ngazi. Wazee wake walipomfuata walimkuta mbele ya ukuta, mkono wake mtupu, bangili imekwenda kusali na Mzee Ubwa. Alikisogeza kibanio kwenye nyeupe, akakaa mbele ya sahani, akala.